Wasomaji Wanauliza: Sigara Ndani ya Nganda, Hasara ni ya Nani?

Tumepokea barua kadhaa kuhusu wenye nganda, yaani baa zetu za mtaani, na migahawa ya Lubumbashi, hapa Kongo, wanaotaka kuzuia sigara katika sehemu moja ya nyumba zao za biashara na kuiruhusu katika sehemu nyingine. Tumechagua barua nne. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Nina nganda Kamalondo, ambayo marehemu mume wangu aliianzisha na mimi nikaiendeleza. Mbele kuna terasi ya meza saba, ndani kuna chumba kimoja kikubwa cha meza kumi na mbili, na uani ndipo tunapochoma michopo. Siku hizi familia zinakuja Jumapili baada ya ibada kula bukari na samaki, na akina mama wananilalamikia kwamba watoto wanakohoa kwa sababu ya moshi wa sigara. Nataka kukataza sigara katika nusu ya chumba, upande wa familia, na kuwaachia wavutaji nusu ya pili karibu na kaunta. Shemeji yangu anasema nitafilisika, kwa kuwa wanaovuta ndio wanaokunywa sana. Je, huko walikokataza, biashara zilikufa? Na mimi nifanye nini? — Mama mwenye nganda, Kamalondo.

JIBU: Mama, pokea kwanza pole zetu kwa kufiwa na mwenzio, na pongezi kwa kuishika nyumba isianguke. Nitaanza na maneno ya shemeji yako, kwa sababu hofu yake ni ya mtu aliyeona biashara zikifungwa mjini hapa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Anasema wavutaji ndio wanywaji wakubwa, na huenda ni kweli kwa meza mbili tatu anazozikumbuka. Lakini anayekumbuka meza iliyojaa chupa haikumbuki familia iliyosimama mlangoni, ikasikia harufu, ikageuka na kwenda kula kwingine. Mteja ambaye hakuingia haandikwi katika daftari la mtu yeyote, na hapo ndipo hesabu ya wenye nganda wengi inapopotea.

Hofu hiyo imepimwa kwingine kwa miaka mingi. Mwaka 1987 mji mdogo wa Beverly Hills, katika jimbo la California huko Marekani, ulikataza sigara migahawani, na haukupita muda wenye migahawa wakatangaza kwamba mauzo yameanguka kwa asilimia 30. Baraza la mji likatishika, likailegeza sheria baada ya miezi michache. Baadaye hesabu za kodi ya mauzo zilipofunguliwa, anguko hilo halikuonekana. Jimbo zima la California lilikataza sigara katika migahawa tangu tarehe 1 Januari 1995 na katika baa tangu tarehe 1 Januari 1998, na sheria hiyo ikadumu. Ndiyo maana kila ninapoletewa namba kuhusu jambo hili nauliza kwanza imetoka wapi: kinywani mwa mtu anayeogopa, au katika karatasi za kodi alizozijaza mwenyewe.

Mwaka 2003 watafiti walikusanya tafiti 97 zilizokuwa zimefanywa juu ya suala hili katika nchi mbalimbali, wakazichambua kwa ubora wa vipimo vyake. Zile zilizotumia hesabu za kodi au za ajira, zikalinganisha miaka ya kabla na ya baada ya sheria, na kuzingatia pia hali ya uchumi kwa jumla, zilikuta ama hakuna badiliko, ama ongezeko dogo. Zilizokuta hasara zilitegemea zaidi makadirio ya wenye baa, na kwa sehemu kubwa zilikuwa na mkono wa makampuni ya tumbaku. Mji wa New York ulikataza sigara katika baa na migahawa karibu yote tangu tarehe 30 Machi 2003, na mwaka mmoja baadaye utawala wa mji ukatangaza kwamba kodi iliyotoka katika biashara hizo imepanda kwa asilimia 8.7. Namba hiyo nakupa kwa tahadhari, maana mji ule ulikuwa bado unainuka kutoka katika mdororo uliofuata mashambulizi ya mwaka 2001, na sehemu ya ongezeko ingekuja hata bila sheria. Linalobaki hata ukiipunguza ni kwamba baa hazikufa.

Lakini miji hiyo, Mama, haikufanya hilo unalotaka kufanya wewe. Ilikataza ndani kote, na kwa wote siku moja, hivyo mvutaji hakuwa na nganda ya jirani ya kukimbilia, na mwenye baa hakuwa na sababu ya kumlaumu mwenzake. Wewe unataka kukataza nusu, tena peke yako. Kuhusu nusu hiyo yapo mengi ya kujifunza, na nakuomba uniruhusu nirefushe kidogo hapa.

Hispania ilianza na sheria ya nusu. Tangu tarehe 1 Januari 2006, baa na migahawa yenye eneo lisilofika mita za mraba 100 iliachiwa ijichagulie kuruhusu au kukataza, na ile mikubwa ikitaka wavutaji iwatengee sehemu yao. Wenye baa ndogo walio wengi walichagua kuruhusu, kwa kuwa kila mmoja alimwogopa jirani yake, na vipimo vya hewa vilivyochukuliwa baadaye vilionyesha kwamba mahali walipoendelea kuvuta nikotini haikupungua. Wenye nyumba kubwa walijenga kuta, wakanunua milango na mashine za hewa. Kisha, tangu tarehe 2 Januari 2011, serikali ikakataza ndani kote bila kubagua, na watu wale wakabaki na kuta zisizo na kazi, wakidai fidia ya fedha walizozizika humo. Kwa macho yangu hilo ndilo somo kubwa la kiuchumi katika habari hii yote: hasara ambayo haina ubishi iliwaangukia wale walioitii sheria ya nusu kwa bidii.

Ujerumani nayo ilipitia shida ya namna hiyo. Baadhi ya majimbo yalikataza sigara katika baa lakini yakaruhusu vyumba vya pembeni, na wenye baa za chumba kimoja wakalalamika kwamba jirani mwenye vyumba vitatu ameachiwa wavutaji wote. Tarehe 30 Julai 2008 Mahakama ya Katiba iliwapa haki: sheria ya namna hiyo iliwabebesha wadogo mzigo ambao wakubwa hawakuubeba. Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Julai 2010, wananchi wa jimbo la Bavaria waliitwa kupiga kura, na asilimia 61 ya waliopiga wakachagua kukataza ndani kote. Ubelgiji, ambayo wazee wetu waliijua kwa karibu kuliko walivyopenda, ilianza na migahawa mwaka 2007 na kuziacha baa zisizopika, mpaka Mahakama ya Katiba iliposema mwezi Machi 2011 kwamba ubaguzi huo hauna msingi, na katazo likawafikia wote tarehe 1 Julai mwaka huohuo. Karibu nasi zaidi, Afrika Kusini iliruhusu tangu mwaka 2001 kwamba mgahawa utenge hadi asilimia 25 ya eneo lake kwa wavutaji, mradi kuwe na ukuta. Waliochunguza kodi za migahawa ya huko hawakukuta kwamba mapato yaliathirika kwa kiasi cha maana. Hata hivyo muswada uliopelekwa Bungeni mwaka 2022 unataka kuviondoa vyumba hivyo, na waliojenga wanajua maana yake.

Sasa turudi Kamalondo. Jumamosi moja jioni nilikwenda kuketi katika nganda ya hapa mjini, ambayo sitaitaja, iliyogawanywa kama unavyotaka kugawanya yako. Mpaka ulikuwa pazia la plastiki na vyungu vitatu vya maua. Moshi wa meza za kaunta ulipanda wima hadi kwenye dari, ukatandaa chini ya mbao kama maziwa yanavyotandaa juu ya chai, kisha ukaanza kushuka upande wa familia, kuanzia meza ya tatu. Kwenye meza hiyo mama mmoja alimhamisha mtoto wake kiti mara mbili, halafu akaifunika sahani ya sombe kwa sahani nyingine. Upande wa wavutaji nilihesabu matundu kumi na moja ya moto katika kitambaa kimoja cha meza. Msichana aliyekuwa akihudumu aligeuza uso pembeni na kuvuta pumzi kabla ya kuinama kuchukua chupa. Mwenye nyumba alikuwa amewaudhi wavutaji kwa kuwasukuma, na familia nazo hakuzipatia hewa aliyoziahidi. Alilipia pazia, na hakuna aliyeridhika.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba usigawanye chumba. Ukikataza, kataza ndani kote, na wavutaji uwape terasi, mbali na mlango na madirisha, na mbali na familia zinazopenda kukaa nje kungojea nyama. Najua jibu utakalonipa, kwamba mvua ya Desemba inamfukuza kila mtu kwenye terasi, na kwamba usiku wa Juni na Julai hapa kwetu baridi inauma mpaka mifupani. Ni kweli, na ni gharama ambayo inakupasa uiweke katika hesabu tangu mwanzo: mabati juu ya meza tatu, na mbabula moja au mbili za makala wakati wa baridi. Usikubali tu kuizungushia terasi turubai pande zote, kwa maana itageuka kuwa chumba kingine kilichojaa moshi, na wahudumu wako watakuwa ndani yake. Hata hivyo mabati na makala ni bei ndogo kuliko ukuta, na mabati yatakufaa hata siku ambayo hakuna mvutaji.

Kabla ya kuanza, chukua daftari la shule na uandike kila siku kwa wiki mbili: watu wangapi wameingia, wangapi wamewasha sigara, wamekaa ndani au nje, na kila meza imelipa kiasi gani kwa kinywaji na kwa chakula. Siku ambazo timu ya mpira ya Mazembe inacheza ziwekee alama, na siku za mwisho wa mwezi pia, kwa sababu siku hizo hazifanani na nyingine na zitakudanganya. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba Jumamosi unapokea watu 60, wavutaji ni 9, na 6 kati yao wanakaa terasi hata sasa. Basi ubishi wako wote na shemeji ni juu ya watu 3, na hao 3 wana mguu wa kutoka nje dakika tano na kurudi kwenye glasi yao. Ukikuta badala yake kwamba wavutaji wako ni 25 na wote wako ndani, nyumba yako si kama nilivyoifikiria, na itakubidi uende polepole, ukianza na Jumapili na saa za chakula cha mchana. Baada ya kuanza, andika tena kwa wiki nne au tano, ulinganishe siku na siku yake, Ijumaa kwa Ijumaa.

Kuhusu kufanya peke yako sitakuficha: matokeo ya miji mizima hayahamishwi moja kwa moja kwenye nganda moja inayokataza wakati majirani wanaruhusu. Huenda utapoteza wachache wa kaunta katika wiki za kwanza. Lakini utakuwa umejipatia kitu ambacho jirani hana, chumba ambamo mtoto anakula bila kukohoa, na kwa mtu anayetafuta wateja wa Jumapili hiyo ni bidhaa. Pia zungumza na wenzako wa mtaa mmoja, watatu au wanne, muanze siku moja, kisha muende pamoja kwa mkuu wa komini kumweleza. Nchi yetu iliridhia mwaka 2005 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu udhibiti wa tumbaku, na mkataba huo unataka watu walindwe na moshi mahali pa kazi na mahali pa umma palipofungwa. Siku ambayo hilo litasimamiwa kwetu sawasawa, ninyi mtakuwa mmekwisha kuzoea, wala hamtakuwa na ukuta wa kubomoa.

SWALI: Mgahawa wangu uko Bel-Air. Mwaka jana nilijenga chumba cha wavutaji chenye vioo na feni kubwa ya kufyonza hewa. Umeme unapokatika, feni inasimama, na moshi unatoka kila mlango unapofunguliwa. Nikiwasha jenereta, mafuta yanakula faida ya meza zile. Fundi ananishauri ninunue feni ya pili na betri. Je, nitapata faida siku moja? — Papa mwenye mgahawa, Bel-Air.

JIBU: Papa, kabla ya kumlipa fundi, simama. Fedha uliyokwisha kuitia katika vioo imekwenda, na kuongeza nyingine hakutairudisha.

Feni haiwezi kufanya kazi unayoitarajia hata umeme ukiwapo usiku na mchana. Chama cha wahandisi wa mitambo ya hewa cha Marekani, ambacho viwango vyake hufuatwa katika nchi nyingi, kilisema mwaka 2005 kwamba hakuna mtambo wa kupitisha hewa unaoondoa madhara ya moshi wa sigara ndani ya jengo, na kwamba njia pekee ni kutovuta humo. Hao ni watu wanaoishi kwa mitambo hiyo, nao ndio waliosema haitoshi. Mwaka 2007 nchi wanachama wa ule mkataba wa tumbaku, zilipokutana Bangkok, ziliandika jambo hilohilo katika miongozo yao.

Upande wa fedha, tazama Ufaransa, ambako tangu tarehe 1 Januari 2008 sigara imekatazwa katika baa na migahawa isipokuwa ndani ya vyumba maalumu. Masharti ya vyumba hivyo ni haya: kisizidi asilimia 20 ya eneo la nyumba wala mita za mraba 35, hewa yake ibadilishwe angalau mara kumi kwa saa, mhudumu asiingie kuhudumia, na anayefagia asiingie mpaka hewa iwe imebadilishwa kwa saa nzima bila mtu ndani. Fikiria chumba ambacho umekilipia vioo, feni na mafuta, kisha huruhusiwi kupeleka humo hata chupa moja ya bia. Nchini Italia, ambako katazo lilianza tarehe 10 Januari 2005 na vyumba vikaruhusiwa kwa masharti makali, wenye baa wachache sana walivijenga, kwa sababu walikaa chini wakapiga hesabu.

Nawe piga hesabu yako kwa mita ya mraba. Chukua mapato ya mwezi ya meza zilizomo ndani ya vioo, uondoe mafuta ya jenereta, uondoe matengenezo ya feni, kisha ugawe kwa ukubwa wa chumba, na ulinganishe na meza zilizobaki. Nadhani utakuta kwamba chumba kile kingekulipa zaidi kama sehemu ya sherehe ndogo, ya kipaimara au ya mahafali, pale palipokwisha kuwa na vioo vizuri. Osha kuta na dari kwa sabuni na upake rangi upya, kwa maana harufu inaganda kwenye chokaa, nayo mapazia yatupwe kabisa. Wavutaji wapeleke nje.

SWALI: Nina miaka 23 na nahudumu katika nganda moja Katuba. Patroni aligawa nyumba sehemu mbili, na mimi kwa kuwa ndiye mgeni kazini nimewekwa upande wa wavutaji. Nimeanza kukohoa usiku, na macho yananiwasha. Lakini upande huo ndio wenye matabishi (bakshishi za wateja) mazuri, na nikiomba kuhamishwa nitapunguza fedha ninayompelekea mama. Nifanye nini? — Binti wa Katuba.

JIBU: Binti yetu, barua yako imenigusa kuliko zote, kwa sababu katika mjadala huu wote wa faida na hasara wewe ndiwe unayelipa bila kuulizwa. Mteja anakaa saa mbili na kwenda zake. Wewe unakaa kuanzia saa kumi jioni hadi saa sita usiku, siku sita kwa wiki.

Kikohozi chako usikizoee. Nenda kituo cha afya ukapimwe, maana kikohozi kirefu kinaweza kuwa na sababu nyingine, kikiwamo kifua kikuu, na hilo halifai kukisiwa. Kama chanzo ni moshi, kuna habari njema. Katazo la baa lilipoanza California mwaka 1998, madaktari waliwapima wahudumu 53 wa baa za San Francisco kabla ya siku hiyo na tena wiki chache baadaye. Wengi wa waliokuwa wakikohoa na kuwashwa macho na koo walikuwa wamepona, na mapafu yao yalikuwa yakivuta hewa nyingi zaidi, hata kwa wale waliokuwa wavutaji wenyewe. Mwili unashukuru upesi ukipewa nafasi.

Kuhusu patroni, usimwendee na lawama. Mwendee pamoja na wenzako, mpendekeze zamu: kila mhudumu siku zake upande ule, na matabishi yote yatiwe katika kopo moja na kugawanywa usiku kwa usawa. Hapo hutapoteza fedha ya mama, na hakuna atakayesema unajitafutia mwenyewe. Hilo ni la kuanzia tu, kwa kuwa zamu inagawa madhara bila kuyaondoa. Sheria ya kazi ya nchi yetu ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri alinde afya ya anaowaajiri, na patroni mwenye akili atajua pia kwamba mhudumu aliyezoeleka na wateja akilala mgonjwa siku nne, hasara yake haionekani kwenye chupa, lakini ipo: anayeshika nafasi yake haijui meza gani inadaiwa, nani hulipa mwisho wa mwezi, na nani asiongezewe chupa ya tano. Mwonyeshe patroni jibu tulilompa Mama wa Kamalondo, gazeti hili lisomwe mezani pake.

SWALI: Mimi nauza sigara moja moja, pipi, karanga na biskuti kwenye mlango wa nganda, komini ya Kenya. Wakikataza sigara ndani, mimi nitakula nini? — Kijana wa Kenya.

JIBU: Ndugu yetu mdogo, hakuna utafiti kati ya hizi nilizozitaja uliomhesabu mtu kama wewe, na ni kosa, kwa sababu katika miji yetu wewe ni sehemu ya uchumi wa nganda sawa na anayechoma michopo.

Kwa muda mfupi sioni kwamba utaumia. Mvutaji anayetolewa nje anakuja karibu na sanduku lako, na akisimama pale dakika tano ananunua pia karanga. Kwa muda mrefu ni jambo jingine, na sitakufariji kwa uongo: mahali ambapo haivutwi ndani, baadhi ya watu huvuta chache na wengine huacha, na mimi nawatakia waache. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, wakiwamo takriban milioni 1.6 wasiovuta bali wanaopumua moshi wa wenzao. Siwezi kujua hilo kisha nikuombee mauzo yake yaongezeke.

Ninachoweza ni kukuomba uyatazame mauzo yako kabla hujalazimika. Tenga fedha za sigara katika mfuko mmoja na za vitu vingine katika mfuko mwingine kwa wiki moja, na katika kila mfuko utoe bei uliyonunulia. Katika sigara moja moja fedha inapita mkononi kwa wingi lakini inayobaki ni ndogo, na pakiti ikiloa mvua umekula mtaji. Karanga unazikaanga nyumbani, na familia zikianza kujaa Jumapili katika nganda isiyo na moshi, watoto watatoka mlangoni wakiwa na noti mkononi. Panga sanduku lako siku hiyo karanga na biskuti zikiwa mbele, na sigara zikae chini, mahali ambapo mtoto hazioni.